Shingo ya Tausi wa Waya

Hapo zamani, kabla ninyi mnaojiita wajuzi hamjajua hata kufunga kamba za viatu, Korogwe palikuwa na fundi wa vito, jina lake Bi Mwanaidi. Kazi yake kufundisha watu wasiojua lolote kukunja waya: pete kwanza, kisha hereni, kisha ndege na wanyama. Macho yakaanza kumfifia. Akawaita wanafunzi wake watatu.

"Mwakani sifundishi," akasema. "Koleo langu hili nampa mmoja wenu, naye ndiye atakayekalia kiti changu. Wawili watarudi kwao."

Koleo lenyewe sasa! Mdomo mwembamba, mpini umeng'aa kwa jasho la miaka. Ukilishika tu unajiona fundi, hata kama ni bure kabisa kama wewe hapo unayecheka.

Akawapa waya mmoja wa shaba, pima mbili. "Binti Shekiondo anaolewa Ijumaa, anataka mkufu wenye tausi kifuani. Waya mmoja, bila kukata, bila kuunga. Ndiyo desturi ya hapa. Na somo la kwanza msilisahau: waya ukikunjwa sana unachoka, unalia, mwisho unakatika. Uchomeni moto ulainike."

Akaanza Shomari. Akakunja, akanyoosha. Akakunja, akanyoosha. Siku mbili nzima.

"We Shomari," wenzake wakamcheka, "unatengeneza tausi au unakanda chapati?"

Siku ya tatu akalipata umbo: mstari mmoja unaotoka mkiani, unazunguka kifua, unapanda shingoni hadi kwenye kishungi. Akauchora sakafuni kwa chaki, akaunyoosha waya kwa mara ya mwisho.

"Mkono wangu mzito, dada. Kunja wewe," akamwambia Sikudhani.

Waya hakuuchoma. Sikudhani alipoupokea, naye hakuuliza. Lakini mkono alikuwa nao yule! Akakunja manyoya kumi na moja, yamelingana kama meno ya kitana. Akakunja kifua. Kufika shingoni, ta! Waya ukakatika.

Ijumaa ni kesho.

Akabaki Mbelwa. Huyu miezi mitatu alikuwa anajua kitu kimoja tu, kuviringisha waya mwembamba kwenye msumari. Walimwita Mbelwa Springi, naye akiitikia. Akaokota kipande cha waya mwembamba wa shaba nyeupe chini ya meza, akakizungusha pale palipokatika, duara juu ya duara, akabana. Shingo ikasimama. Tausi akawa kama naye kavaa mkufu wake.

Jioni hiyohiyo bibi harusi alipokuja kuuona mkufu, akapiga kigelegele mwenyewe. "Mkufu mzuri, ila hii shingo! Shingo hii mmeitoa wapi?"

Basi hapo wakavaana.

"Bila mimi mngekunja bata," akasema Shomari. "Umbo ni langu."

"Umbo lako lilikuwa chaki!" Sikudhani akamjibu. "Tausi nimemkunja mimi. Na waya uliuchosha wewe, ukanitegea mimi."

"Si ungeuchoma?"

"Si ungesema?"

Mbelwa akakohoa. "Mie nimeunga, najua. Desturi nimevunja. Lakini nisingeunga, kesho bibi harusi angevaa nini? Desturi?"

Sikudhani akamgeukia Bi Mwanaidi. "Shikamoo Mwalimu, na samahani. Siku zote tatu ulikuwa umekaa hapohapo. Hukusikia waya unalia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza?"

"Nikifa, nani atawasikilizia?"

Akaligeuza koleo mkononi, akaligeuza tena, akawatazama wote watatu kwa yale macho yake ya ukungu.

Aliyeliona umbo akauchosha waya. Aliyemkunja tausi hakuuliza. Aliyeokoa kazi akavunja desturi. Koleo ni moja na kiti ni kimoja. Jibu mimi ninalo, tena la uhakika, ila leo nataka kuwasikia ninyi wenye midomo: kati ya Shomari, Sikudhani na Mbelwa, koleo alistahili nani?