Siki Ndani ya Shaba

Paukwa, wajukuu zangu. Itikieni kwa kinywa kipana, maana kisa cha leo kina uchachu.

Hapo kale, miji ilipojuana kwa harufu za majiko, palikuwa na mji uitwao Kitangani. Ada yake ilikuwa hivi: mke mpya hutia achari ya ndimu nyumbani kwa mumewe, nayo hufunguliwa siku ya karamu ya wakwe. Ikiwa imeoza, mke hurudishwa kwao akafunzwe upya. Mnacheka? Mwanakheri, mke mpya wa mwaka ule, hakucheka.

Alikata ndimu, akazitia chumvi, akazianika, zikalegea, akazimiminia siki ya mnazi, yaani tembo, ile pombe ya mnazi, lililolala hata likachachuka. Akaufunika mtungi wa udongo, akangoja. Chumvi hufukuza uvundo, siki huufungia mlango. Ndimu zikakaa, wala hazikuoza.

Jioni ya kuamkia karamu, wifi yake Mize akautazama mtungi, akabinua mdomo.

"Wifi, wageni wapakuliwe kwenye udongo? Kwenu hamna shaba?"

Akaimimina achari yote katika sufuria kongwe ya shaba. Mwanakheri akamwacha, akidhani bati lililopakwa ndani, siki isiiguse shaba, lingalipo.

Asubuhi, ukingo wa siki ulikuwa kijani, na bati limebanduka.

"Rangi ya ndimu tu hiyo," akasema Mize. "Koroga. Ukisema, utarudishwa wewe, si mimi."

Hapo, wajukuu, moyo ukagawanyika: akinyamaza, atabaki, akisema, atafungasha. Mwanakheri akaibeba sufuria hadi kwa mkwewe, Bi Nunu.

"Mama, hii isiliwe. Siki ni salama kwenye udongo. Kwenye shaba tupu huila shaba, nayo shaba huwa sumu tumboni. Mkinirudisha, nirudisheni, wageni msiwape."

Bi Nunu akainama, akanusa, akapapasa palipobanduka bati, akamgeukia binti yake mpenda shaba, aliyewafuata nyuma.

"Mize, chimba shimo."

"Mama, na karamu?"

"Chimba. Kisha sufuria utaipeleka kwa mtia bati wewe mwenyewe, na kichwani."

Karamuni, mmoja wa wageni, Mzee Shekue, akashika tonge, akalizungusha.

"Bi Nunu, pilau hii mjane. Achari iko wapi?"

"Tumeizika," akajibu Bi Nunu, "tusije tukazikwa sisi."

Baraza ikaangua kicheko, na sahani zikarudi tupu. Mwanakheri hakurudishwa. Tangu siku ile, Kitangani haimpimi mke mpya kwa achari anayoipakua, bali kwa ile anayothubutu kuimwaga.

Basi shikeni: kinachohifadhi chakula, nacho kihifadhiwe katika chombo kikipasacho.

Kisa kimeiva, ulimi wangu umetua. Aliyekipenda, akakikoleze kwao.