Kibuyu cha Mtoto wa Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na kibuyu cha maziwa.

Kimejaa au kitupu?

Asubuhi kilijaa.

Nani kakinywa?

Simulia tumjue.

Haya, kaeni vizuri. Mwenye mtoto mgongoni amshushe, maana hadithi hii inawahusu wanaonyonya na wanaonyonywa.

Paliondokea Bi Pimbi, mjane wa majabalini. Mumewe alichukuliwa na Tai siku alipotoka kuota jua, na mtoto wao akazaliwa baadaye, mvua zikinyesha, akaitwa Masika. Bi Pimbi alikuwa mdogo, ungoni anaenea, lakini sauti aliyopewa na Mungu haikupimwa pamoja na mwili wake. Akipiga kelele kwenye jabali hili, jabali la ng'ambo linaitika. Kwa sauti hiyo alipata kazi ya kuamia ndege katika shamba la mtama la Bwana Kiboko. Anapanda dungu lake la miti, anashika teo la kurushia mawe, anapiga kelele, na ndege wanakwenda kula kwa watu wengine.

Bwana Kiboko ndiye aliyekuwa mkubwa wa bonde. Mto wake, shamba lake, na majabali ya kando ya shamba pia ni yake. Anayefanya kazi analala majabalini. Asiyefanya kazi anahama, na huko nje Tai bado yupo. Kiboko alipenda kujiita baba wa wote. Alipenda pia vya bure. Hata awe ameshiba mpaka tumbo linaburuta, ukimwambia kuna cha bure mahali, atainuka.

Bi Pimbi akakaa arobaini ndani, kama desturi. Mama yake mzazi akaja kutoka mlima wa pili, akamkanda kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga. Lakini arobaini haingojei mtu. Ikiisha, mama mzazi anarudi kwake na aliyezaa anarudi kazini. Kiboko alikwishatuma salamu mapema kwamba mtama umeanza kukomaa, na ngoma ya kazi ikilia Bi Pimbi awe juu ya dungu. Mtoto asipande naye. Mtoto akilia dunguni, alisema, ndege wanadhani wamekaribishwa.

Hapo ndipo kazi ilipoanza kabla ya kazi.

Bi Pimbi akachukua kibuyu kidogo, akakivika chuchu ya ngozi laini. Akakamua maziwa yake mwenyewe, akayatia humo, akampa mwanawe. Masika akanusa. Nusa, nusa, nusa. Ptu! Akageukia kifuani kwa mama yake, kwenye maziwa yaleyale.

Bi Pimbi akayapasha moto kidogo. Nusa, nusa, nusa. Ptu!

Akaipaka chuchu asali. Masika akailamba asali yote, akashukuru kwa macho, kisha ptu!

Bibi ya mtoto aliyatazama haya huku akitafuna mzizi wake. Mwisho akautoa mdomoni.

"Mwanangu, unayemharibu ni wewe," alisema. "Nani atakunywa cha kibuyuni na mwenye ziwa amekaa hapo? Toka nje."

Bi Pimbi akatoka, akasimama mlangoni. Ndani mtoto akilia, huku nje maziwa yanachuruzika yenyewe mpaka kanga ikalowa. Nusa, nusa, nusa. Ptu! Bibi akapaza sauti kumwambia aende mbali zaidi, maana mtoto anamnusa mpaka mlangoni, na hiyo kanga aiache. Akaivua, akaenda mpaka ukingo wa majabali, akakaa akijiziba masikio. Bibi akajifunga kanga ya binti yake. Akampakata mjukuu, akamgeuza atazame nje asione kifua cha mtu, akamwekea kibuyu mdomoni kama mtu asiyejali akikataliwa.

Nusa, nusa, nusa. Kimya.

Nyu. Nyu. Mafunda mawili. Kisha ptu.

"Ameanza," bibi alisema Bi Pimbi aliporudi. "Aliyeanza atamaliza. Yataka subira tu."

Bi Pimbi akafurahi. Akaona pia wivu, akakionea wivu kibuyu, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Kulipopambazuka bibi akafunga safari kurudi kwake. Hakufika hata bondeni, ngoma ikalia. Ndi! Ndi! Ndi! Bi Pimbi akambeba Masika, akatia kibuyu na kanga kikapuni, akashuka akiwa hajui amwache nani na mtoto. Akamkuta Kiboko mwenyewe amesimama njiani, mdomo wazi kwa ukarimu.

Kiboko akamwambia amesikia shida yake. Yeye ni baba wa wote, kivuli chake kipana, na mchana hana kazi ila kulala. Mtoto ataachwa kwake, na kibuyu chake. Kwanza akauliza hayo maziwa ni mengi kiasi gani. Bi Pimbi akaliona swali hilo si la mlezi, lakini ngoma ilikuwa inalia na Tai alikuwa anazunguka juu. Akamweleza namna ya kujifunga kanga, namna ya kumgeuza mtoto atazame nje, na kuwa na subira. Kiboko akaitikia kila neno.

Jioni kibuyu kikarudi kitupu. Kiboko akasema mtoto kanywa yote na kulamba. Kesho yake kitupu. Kesho kutwa kitupu. Wanyama wakampongeza Bi Pimbi kwa kupata bwana mwenye huruma, na yeye akapokea pongezi.

Lakini Masika akirudi jioni alimshika ziwa kama mtu aliyetoka jangwani. Mgongoni alikuwa anazidi kuwa mwepesi. Kilio chake kilikuwa kimepungua, na mama anajua kwamba mtoto mwenye njaa sana halii sana. Bi Pimbi akakichukua kibuyu, akakitazama chuchu. Ilikuwa imetafunwa ikawa bapa. Akatia kidole kinywani mwa Masika, akapapasa juu, akapapasa chini. Ufizi mtupu.

Siku iliyofuata, jua lilipopanda, akafunga jiwe kwenye kamba ya teo ili upepo uitikise na ndege wadhani yupo. Akashuka dunguni, akanyemelea kivulini.

Kanga ilikuwa kikapuni vilevile alivyoikunja. Kiboko alikuwa amelala ubavu, anamsogezea mtoto kibuyu puani, pamoja na pumzi yake ya matope. Nusa. Ptu!

"Umekataa?" Kiboko alimuuliza kwa upole. "Basi. Mimi sipendi kuona chakula kikiharibika."

Fyooonz! Kwa kinywa chake lilikuwa tone tu, lakini tone la bure. Akajilamba, akafumba macho.

Sauti ikampanda Bi Pimbi mpaka kooni, ile sauti yake ya kutikisa majabali. Akaimeza. Alijua akipiga kelele, itakuwa neno la mjane dhidi ya neno la baba wa wote, na kabla ya jua kuzama atakuwa nje na mwanawe, chini ya Tai. Akinyamaza, mtoto atakufa kivulini watu wakimpongeza. Akamchukua Masika taratibu, akamfunika kanga, akamnyonyesha nyuma ya kichaka huku mlezi akikoroma, akamrudisha. Akapanda dungu. Siku nzima aliwatupia ndege mawe kwa hasira, na ndege hawakuwa na kosa kubwa kuliko la kila siku.

Jioni akamwendea Kiboko kwa magoti. Akamwambia hisani aliyotendewa haistahili kukaa siri. Anataka kumshukuru mbele ya watu, kama Bwana Mkubwa hatachukia.

Kiboko hakuchukia. Aliipiga ngoma mwenyewe. Akawaita walio mtoni na walio porini, akamwita hata Kakakuona, mwamuzi wa kesi za bonde zima. Huyo alikuwa na tabia ya kusikiliza kesi akiwa amejiviringa mviringo, ili pasiwe na mtu wa kumsoma usoni.

Bi Pimbi akasimama katikati, Masika mgongoni, kibuyu mkononi. Akashukuru kwa kivuli. Akashukuru kwa ulezi. Kiboko akatikisa masikio kwa raha.

"Na zaidi ya yote," Bi Pimbi akaendelea, "nashukuru kwa sababu katika mikono ya Bwana Mkubwa mwanangu ameota jino. Tazameni alivyoitafuna chuchu hii."

Chuchu ikapita mkono kwa mkono. Wote wakasema jino hilo ni kubwa, mashallah, tulione. Bi Pimbi akamshusha mtoto, akamfungua kinywa. Wakachungulia. Ufizi, mwekundu, mlaini, mwanzo hadi mwisho. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kumwelekea mwenye meno.

Kiboko akafumba mdomo. Huwa ni kazi kwake kuufumba, na kila mtu aliona anavyoihangaikia.

Kutoka ndani ya mviringo, Kakakuona akaikumbusha hadhara sheria. Anayekula maziwa ya mtoto mchanga ni mwizi, na mwizi wa namna hiyo hutolewa majini na kivulini akakaa juani mpaka mvua irudi. Kwa mnyama mwingine hiyo ni adhabu. Kwa Kiboko, ambaye ngozi yake jua huipasua, ilikuwa kifo. Akaanza kutetemeka, na bonde likatetemeka naye.

Hapo Bi Pimbi akasema kwa sauti ndogo, ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Jamani, msimwite mwizi haraka. Wanaonyonya ziwa moja ni ndugu. Ikiwa huyu naye ni mtoto wa ziwa langu, amekunywa haki yake."

Kiboko akauona mlango, akajitosa bila kutazama unaingia nyumba ya nani. Akasema ndiyo, kweli kabisa, yeye ni mtoto wa ziwa hilo. Ngedere mmoja akauliza mtoto gani huyo anayejaza mto. Kakakuona akajibu kwamba sheria haimpimi mtoto kwa kilo, inamuuliza kwa kinywa chake. Akamuuliza. Kiboko akasema ni mtoto. Akamuuliza tena. Ni mtoto. Akamuuliza mara ya mwisho mbele ya mashahidi wote wenye mikia na wasio na mikia. Kiboko akaapa kwa mto wake kwamba yeye ni mtoto wa Bi Pimbi.

"Imepita," akasema Kakakuona.

Kiboko akashusha pumzi. Bi Pimbi akajifunga kanga vizuri, akakaa juu ya jiwe, akamtazama.

"Basi shikamoo yangu iko wapi?"

Hata ndege waliokuwa wakila mtama wakasimama na punje mdomoni. Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia. Kakakuona alikuwa amejiviringa tu.

"Shikamoo, mama," akasema Kiboko.

"Marahaba, mwanangu. Mamako juzi tu katoka arobaini. Mgongo unamuuma, na nduguyo mdogo hajanenepa. Sasa hebu waambie wazee hawa, mwana mkubwa yupo, ana afya yake, kesho dunguni anapanda nani?"

Hakuna mnyama anayetaka kujulikana kwamba alimtuma mama yake kuamia ndege. Asubuhi Kiboko akaenda shambani. Akaweka mguu mmoja kwenye dungu. Kra! Akaweka wa pili. Kra, kra, bwaa! Dungu likawa kuni. Basi akasimama chini, katikati ya mtama, akipiga miayo kuwatisha ndege. Ndege wakamzunguka kidogo, kisha wakamtua mgongoni, wakapata mahali pazuri pa kulia chakula. Majabali yakawa ya mama wa mwenye shamba, na hapakuwa na wa kumhamisha.

Bi Pimbi akakaa na mwanawe kutwa, akamnyonyesha alivyotaka, na Masika akanenepa. Kibuyu akakitia chuchu mpya, akakitundika, na ziwa likimjaa anakikamulia ya akiba.

Jioni moja Kiboko akarudi shambani amechoka, ananuka mtama na vumbi. Akapita kutoa shikamoo. Bi Pimbi alikuwa ameshuka mtoni kufua. Masika alikuwa analia, na Kiboko, kwa kuwa mtoto akilia mama husema kaka alikuwa wapi, akakishusha kile kibuyu cha akiba. Safari hii alijifunga kanga, ikamfika nusu ya shingo. Akamgeuza mtoto atazame nje. Akampa kama mtu asiyejali.

Nusa, nusa, nusa.

Nyu. Nyu. Nyu. Nyu. Mpaka hewa.

Bi Pimbi alifika mlangoni na nguo zake mbichi, akayaona. Akaweka ndoo chini, akamchukua mtoto, akampa ziwa, lililokuwa limejaa linauma. Masika akanusa. Ptu! Akanyoosha mikono kwenye kibuyu, kwa kaka yake.

Bi Pimbi alicheka mpaka akakaa chini. Machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kucheka. Amehangaika hivyo mtoto akubali kibuyu ili yeye aende kazini, na mtoto amekikubali siku ambayo hana kazi ya kwendea.

Hadithi imekauka kibuyuni. Ikiwa tamu, tumeinywa sote. Ikiwa chachu, aliyeikamua ni mimi.

Na funzo lake, watoto, ni hili. Bwana mwenye kazi ni baba wa wote, anajua kinachomfaa mama na mtoto wake kuliko wenyewe. Basi mfanyakazi mwema ngoma ikilia aende, asiulize. Asiyeamini akamuulize Kiboko. Yuko kule mtamani, anawinga ndege.