Ngiri na Jiko Lililojaza Meko

— Ngano, jamani!
— Ilete ingali moto!
— Ina uongo ndani!
— Mwaga, tupo!

Haya, sogeeni. Na wewe unayekohoa, ngoja kwanza, moshi bado sijaufikia.

Hapo kale Mama Pimbi, mnyama mdogo anayeogopa baridi kuliko anavyomwogopa chui, alikuwa na nyumba ya mawe juu milimani. Ukutani mlikuwa na meko na bomba la moshi. Siku moja akaja Ngiri, kifua mbele, meno nje.

"Hodi!" Hajaitikiwa, keshaingia. "Mama, nyumba nzuri. Kuanzia leo ni yangu."

"Na wanangu je?"

"Nje kuna nafasi tele."

Nje kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Watoto wakatetemeka, meno ka-ka-ka-ka! Kitinda mimba hata kulia alishindwa. Uchungu ukamshika Mama Pimbi. Akajisemea, "Nguvu sina, lakini huyu namjua. Mwizi haamini mtu."

Asubuhi akabisha hodi. "Bwana Mkubwa, meko matupu yanapeleka joto lote angani. Tia jiko la chuma humo. Ila chukua dogo, uache nafasi ya shubiri kila upande, lipumue. Chumba chenyewe si kikubwa."

Ngiri akacheka, hro! hro! "Dogo? Ili kubwa ulichukue wewe?"

Huyoo, kwa Nungunungu, fundi chuma. Fundi akatoa jiko dogo. "Lete kubwa!" Akatoa la kadiri. "Lete kubwa!" Akatoa jiko la kupasha joto ukumbi wa harusi. "Hilo hilo!"

Akalisukuma mekoni, kwaru! kwaru! Likabana, ndi! Hata ukucha haupiti. Akajaza kuni, akawasha. Bu-bu-bu-bu! Ukuta moto, sakafu moto, Ngiri mwenyewe akaanza kunukia.

"Nitalikomesha!" Akaziba tundu la hewa. Kuni zikafuka badala ya kuwaka, moshi ukazidi, ukarudi chumbani, fuuuu!

Mama Pimbi akaita dirishani, "Usitoke, Bwana Mkubwa! Vumilia!"

"Ahaa! Unataka nife humu!" Ngiri akatoka mbio, mkia juu. Mama Pimbi akaingia na wanawe, akafungua madirisha, akakomea mlango, kacha!

"Fungua!"

"Nje kuna nafasi tele, Bwana Mkubwa."

Jiko lilipopoa, Mama Pimbi akamwita fundi Nungunungu, naye akaling'oa, akalitupa uani, akaweka lile dogo. Moto ukawaka taratibu, na ile ka-ka-ka ikakoma. Kitinda mimba akalala, mdomo wazi.

Na Ngiri? Akasema jiko lake hamwachii mtu. Akaliingia kinyumenyume, pua nje, akalala na baridi yake. Ndiyo maana hata leo ngiri huingia shimoni kwa makalio.

Ngano yangu imebaki majivu, mwenye kaa apulizie.

Mnataka funzo? Nunueni jiko kubwa kuliko yote, jamani. Kubwa ndiyo sifa. Hasa kama nyumba si yako.