Kapu la Mlangoni

Wamepokezana wasimulizi, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Kufa aliishi mjane mcha Mungu, Bi Lubaba binti Asim, aliyekuwa akioka mikate. Alianza na tanuri moja la udongo uani kwake. Faida aliyoipata hakuila yote. Alikula kidogo, akatoa sadaka, na iliyobaki akairudisha kazini, mpaka tanuri likazaa tanuri na majirani zake wakapata riziki hapo. Aliwafundisha kukanda, kuumua na kuoka, kwani alikuwa na msemo wake: biashara isiyoweza kusimama bila mwenyewe si mali, ni kibarua.

Lakini jambo moja hakumwachia mtu. Mlangoni palitundikwa kapu. Mwenye uwezo alilipia mikate miwili, akachukua mmoja, na wa pili Bi Lubaba akautia kapuni. Asiye na kitu alipita akajichukulia, haulizwi jina wala ukoo. Kapu hilo alilisimamia kwa mkono wake mwenyewe.

Mama yake mzazi, Bi Sukaina, alikuwa mkongwe wa kuinuliwa na kukalishwa. Tamaa ya dunia ilikwisha kumtoka, isipokuwa moja: kuiona Al-Kaaba kabla hajafumba macho. Kwa ajili hiyo Bi Lubaba akaazimia kuuza biashara yote, wafuatane na msafara wa mahujaji wa mwaka ule.

Akatokea mnunuzi, Mughira, tajiri wa nafaka, mtu makini asiyekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikaa ng'ambo ya njia asubuhi kadhaa, akitazama watu wanavyomiminika mlangoni. Kisha akaja akataja bei nono, ya kutosha ngamia, masurufu na akiba juu.

"Wateja wako ni wengi, Bibi," akasema. "Nimewaona kwa macho yangu."

Pale pale Bi Lubaba akang'amua. Mughira alihesabu vichwa, na nusu ya vichwa vile ni maskini wa kapuni. Akaomba udhuru, akaingia ndani.

Kaka yake, Wardan, akamfuata akinong'ona. "Dada, umesema uongo?"

"Sikusema."

"Basi nyamaza. Macho yake ndiyo yaliyomkosesha, si ulimi wako. Mwaka huu mama yupo. Mwakani, nani ajuaye?"

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa la kweli. Na msimcheke Wardan, ndugu zangu, kwani Wardan ni sisi. Leo mtu akiuza nyumba inayovuja husubiri kiangazi kwanza, nasi tunamwita mjanja. Bi Lubaba alitawadha, akasali rakaa mbili, akamlilia Mola wake juu ya mama yake, kisha akatoka.

"Bwana Mughira, nusu ya uliowaona hawalipi. Wanachukua kapuni mikate iliyolipiwa na wengine. Wateja ni wachache kuliko unavyodhani."

Mughira akaligeukia kapu. "Na huyo anayelipia mkate wa pili, anajuaje kwamba umeufikisha kapuni?"

"Hajui. Ananiamini."

"Basi mikate inayolipiwa nimeikadiria sawa, watu ndio nimewakosea. Lakini ukiondoka wewe, mimi nitaaminiwa na nani? Nitakuwa nimenunua udongo na kuni."

Bi Lubaba akainamisha kichwa. Aliwafundisha watu kila kitu, kapu hakulifundisha. Mughira akampa shauri: abaki mwaka mmoja, wasimame pamoja mlangoni mpaka watu wamzoee, ndipo amlipe bei ile ile kamili.

Akaenda kumweleza mama yake. Bi Sukaina akamshika mkono. "Makka haihami, mwanangu. Na nikihama mimi, Mola anajua nilikuwa naelekea wapi."

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Kila mama alipokohoa, Bi Lubaba alishtuka. Mwanzoni watu walimlipa Mughira mkate mmoja tu, na wa pili wakangoja wamlipe Bi Lubaba. Mughira alivumilia, akatia kapuni kwa uaminifu hata pale asipotazamwa, na kidogo kidogo wakamzoea. Akalipa bei kamili, na mama alikuwa hai.

Asubuhi ya safari, Bi Lubaba alipita kuaga. Akamkuta Mughira amesimama uso umemsawijika. Kapu limejaa hadi ukingoni, maskini wamekaa ukutani, hakuna aliyegusa.

"Wamenikataa," Mughira akasema. "Hata hujatoka mjini, Bibi."

Bi Lubaba akamgeukia mchukuzi mmoja mzee ambaye kila siku alikuwa wa kwanza kapuni. "Mzee wangu, mbona huchukui?"

"Leo tumefunga, sote wa kapuni," mzee akajibu. "Mikate ya leo ni masurufu yenu, wewe na mama."

Mughira akalibeba kapu mwenyewe mpaka kwenye msafara. Bi Sukaina, akiwa juu ya ngamia, akaitazama ile mikate. "Nani amelipia yote haya?"

Bi Lubaba alikuwa akilia. "Wale niliosema hawalipi, mama."

Basi anayeuza na ataje kasoro ya bidhaa yake kabla ya sifa zake. Huenda bei ikachelewa. Ya Bi Lubaba ilichelewa mwaka mzima, na mama yake alifika.