Tipa Ishirini za Sekela

"Aliyesimama pema hazunguki sana." Mmeisikia leo kwa mafundi wa barabara, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Wapo watakaowaambia ilianzia kwenye ngoma. Waacheni na ngoma yao. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka ule masika yaliangusha kilima juu ya barabara yetu, huku Rungwe. Mtambo wa kuchimba ulikuwapo, ila mwendeshaji wake, Mzee Ambakisye, alikuwa ameteguka mkono. Msimamizi, Bwana Lwitiko, akatazama huku na huku, kisha akamgeukia Sekela, binti aliyekuwa akiupaka mtambo ule grisi kwa miaka mitatu na kuujaribu jioni chini ya macho ya Mzee.

"Utaweza?"

"Nitaweza."

"Mzee hujaza tipa ishirini kufikia saa sita. Zisipotimia, unarudi kwenye grisi, wala usiniombe tena kiti hiki."

Ilikuwa saa moja asubuhi. Sekela akapanda, maana kiti kile alikitamani kuliko kitu chochote duniani. Na katika miaka mitatu macho yake hayakuwa yamelala. Alimwona Mzee akisimamisha mtambo chini barabarani, akichota mbele, kisha akizunguka nusu duara kumwaga kwenye tipa iliyo nyuma yake. Aende, arudi, aende, arudi, kutwa nzima. Sekela alikwisha kujua kuwa muda mwingi uliliwa na kuzunguka, si kuchimba.

Basi hakujaza tipa hata moja. Alianza kusawazisha lile rundo la udongo, akalishindilia kwa kijiko cha mtambo, akalisawazisha tena. Madereva wa tipa wakashuka kutazama vituko.

"Dada, udongo unapakiwa, hautandikwi kama kitanda!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sekela aliwasikia, na ilimuuma, lakini mikono yake haikuacha kazi. Saa mbili ikafika, tipa zote tupu. Bwana Lwitiko akashindwa kuvumilia.

"Shuka! Saa nzima imepotea!"

"Mwache," akasema Mzee Ambakisye, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe na bandeji yake. "Hebu tazama anakoupeleka mtambo."

Sekela alikuwa akiupandisha juu ya rundo lile, ambalo sasa lilikuwa jukwaa bapa, polepole, minyororo ya mtambo ikiuma udongo vizuri. Akasimama. Akamwita dereva wa kwanza arudi nyuma, alete tipa chini, kando ya jukwaa, ubavuni kwake upande wa kushoto anakoona vizuri. Sasa tipa ilikuwa chini yake. Akachota, akageuka kidogo tu, akamwaga. Vijiko vinne, tipa imejaa. Injini haikupiga kelele, iliguruma kwa utulivu tu. "Nyingine!"

Waliokuwa wakicheka sasa walikuwa wakikimbia, jasho likiwatiririka, ili tipa isichelewe. Saa sita ilipogonga, tipa ishirini na saba zilikuwa zimeondoka.

Bwana Lwitiko akafurahi kana kwamba jukwaa lilikuwa wazo lake. "Mchana tunachimba mfereji wa maji," akatangaza. "Haya, Sekela, jenga tena jukwaa lako!"

"La nini, Bwana Lwitiko? Asubuhi nilipakia, sasa nachimba mfereji."

Akafunga kijiko chembamba, akaweka mnyororo mmoja huku na mwingine kule, kamba iliyoonyesha mstari wa mfereji ikipita katikati. Akachimba akirudi kinyumenyume, udongo akiulaza kando. Mfereji ukatoka umenyooka, hata wakulima waliokuwa wakisubiri kupitisha chai yao wakapiga vigelegele.

Jioni Mzee Ambakisye akainuka kwenye jiwe lake. Akatoa ufunguo wa mtambo mfukoni kwa ule mkono mzima, akamwekea Sekela kiganjani mbele ya watu wote.

"Mzee, mkono wako utapona," Sekela akasema. "Mtambo ni wako."

"Utapona, nami nitakuja kukutazama. Miaka ishirini nimezunguka, mwanangu, nikidhani ndiyo kazi. Leo umenifundisha. Aliyesimama pema hazunguki sana."

Sekela akalia hadharani, wala hakuona haya. Grisi hakuirudia, ila kuwafundisha wengine.

Kwa hiyo, mkiisikia tena, mjue ilitamkwa kwanza na fundi mkongwe aliyekubali kumsifu mwanafunzi wake mbele za watu. Nanyi kabla ya kuanza kazi yoyote, tazameni kwanza mnaposimama. Aliyesimama pema hazunguki sana.