Tetere Kwenye Jiwe la Malalamiko

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wakubwa kwa wadogo, tegeni masikio, maana hadithi ya leo haina kicheko kingi.

Hapo zamani za kale, ndege na wanyama walipokuwa na soko lao na baraza lao, siku ya Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi, kiota cha Tetere kilikatika. Hakikulegea kwanza. Hakikutoa onyo. Kah! Kikatoka kwenye tawi la mgunga, kikaanguka na mayai mawili ndani yake. Yai moja likapasuka, pwaa. La pili likabiringika, biri biri biri, likakwama kwenye nyasi. Hilo lilikuwa zima.

Tetere akashuka. Lile lililopasuka alilitazama mara moja tu, mara ya pili hakuweza. Akaliendea lile zima, akaliwekea sikio. Ndani mlikuwa na kinda, na kinda alikuwa anagonga. Tik. Tik. Zimebaki siku chache atoke. Tetere akainua macho. Upande wa mashariki mawingu ya masika yalikuwa yanakusanyana, meusi kama masizi ya chungu.

Mnajua wote, tetere hajui kujenga. Tangu enzi za bibi yake, tetere hupishanisha vijiti vichache juu ya tawi, akasema hii ni nyumba. Ukisimama chini ya mti unaliona yai lake. Ndege wote humcheka kwa hilo. Na mvua za mwaka uliotangulia zilimchukulia Tetere huyu mayai yote, kisha mwewe akamchukulia mume. Ndiyo maana safari hii alinunua kiota. Alimwendea Mnana, fundi wa kusuka, akamchumia mbegu za nyasi msimu mzima, naye Mnana akampa kiota na kiapo juu yake: kwamba kimesukwa kwa nyasi mbichi. Kila ndege anajua maana ya neno hilo. Nyasi mbichi ikikaukia mtini hujikaza, na kiota hakitoki hata upepo uvume vipi. Nyasi kavu hukatika.

Tetere akakigeuza kile kilichoanguka. Nje kijani. Akapenyeza mdomo ndani. Kah, kah, kah. Ndani kikavu, cha kahawia, kiota cha mwaka jana kilichovishwa nyasi mpya.

Akaenda kwa Mnana. Akamkuta anasuka, kichwa chini miguu juu, kama kawaida ya mnana. Hakuacha kusuka. Alimwuliza Tetere kama alikikalia vizuri, kama hakurukaruka ndani yake, kama siyo mazoea yake ya vijiti yaliyomponza. Wateja waliokuwa wakingoja wakacheka.

"Dada," akasema Mnana, "kiota kikishatoka mdomoni mwangu ni chako. Kikianguka, umekiangusha wewe."

"Basi nitakwenda barazani."

"Nenda. Nani atakusemea?"

Hilo ndilo lililomtia hofu, kwa sababu barazani wenye mashauri walisemewa na Kasuku. Kasuku aliyajua maneno yote, ya kweli na ya uongo, na akiyasema yote yalilingana. Tetere alimwendea. Kasuku akamsikiliza, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, akataja ujira wake: manyoya laini ya kifuani, yote. Tetere akajitazama kifua. Manyoya yale ndiyo yaliyokuwa yanalipa yai joto. Akashukuru, akaondoka. Kabla Tetere hajafika nyumbani kwake, Kasuku alikuwa ameshatua kwa Mnana.

Tetere akakitandaza kiota kilichovunjika kwenye mizizi ya mgunga, akaweka yai juu yake, akalala juu ya yai. Tik, tik, kinda akagonga. Jirani yake Chozi akaja kumpa pole, akasikia habari ya baraza, akatikisa kichwa.

"Shoga, sauti yako wewe ni ya matanga," akasema. "Ukiomba maji tu, watu wanauliza amefariki nani. Utashitaki vipi?"

Lakini alikubali kumlalia yai asubuhi, maana Chozi mdomo wake ni mkali na moyo wake ni laini.

Baraza lilikuwa kando ya bwawa. Palikuwa na jiwe, na desturi ya jiwe lile ni hii: mwenye lalamiko hupanda juu, akalisema lalamiko lake mara tatu kwa maneno yaleyale. Neno likibadilika, hushuka, akarudi kesho. Wazee walisema ukweli hausahau njia yake, uongo ndio unaopotea. Kwa hiyo usiku kucha Tetere alijifunza maneno yake, akayapanga, akayapangua, akaogopa kila moja. Alhamisi alfajiri akapanda jiwe. Korongo, karani wa baraza, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Niliuziwa kiota. Niliambiwa kibichi. Ni kikavu. Kimekatika, yai moja limevunjika. Nataka kiota kizima kabla ya mvua."

Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Mara ya tatu, alipofika kwenye yai, ulimi uliteleza, akasema yai langu badala ya yai moja. Korongo akafumba jicho. Neno limebadilika. Kesho.

Ijumaa akarudi. Akasema mara tatu, na neno halikubadilika. Korongo akauliza kiko wapi kiota chenyewe, maana kitu kinacholalamikiwa huletwa kama kilivyo. Tetere akaeleza kwamba amekitandika chini ya yai. Korongo hakuwa mkorofi. Alisema tu kwamba baraza haliwezi kutazama kitu kilichoko chini ya yai mahali pengine. Kesho.

Kila jioni mawingu yalisogea. Kila jioni kinda aligonga kwa nguvu zaidi. Tik, tik, tik.

Jumamosi Tetere akakitoa kiota chini ya yai. Akapishanisha vijiti vyake, vilevile vya bibi yake, akaliweka yai juu yake. Chozi akapanda. Chozi ni ndege mdogo, mnamjua, kama ua lililopata mabawa. Alifunika upande mmoja wa yai, upande wa pili ukabaki nje.

"Nenda, shoga. Nitazunguka. Nitalilalia huku, kisha nitalilalia kule."

Tetere akakibeba kiota mpaka barazani. Hakimu wa baraza alikuwa Bibi Kobe. Hakuwa mla rushwa, hakumwonea mtu, hakusahau kitu alichoambiwa. Watu walimheshimu sana. Lakini kobe ni kobe. Alifika jua limekwisha panda.

Kasuku akasimama kumsemea Mnana. Akauliza kwa upole nani pale asiyeijua nyumba ya tetere. Akauliza tangu lini anayeishi juu ya vijiti akawa mjuzi wa kusuka. Watu wakacheka, hata Korongo alikohoa kidogo. Tetere alikuwa juu ya jiwe. Alikuwa na maneno yake tu, akayasema, kisha akaongeza moja.

"Kipasue, mama. Tazama ndani."

Bibi Kobe akakishika kiota kwa mdomo. Akavuta, polepole. Nyasi za kijani zikachanika. Kah, kah, kah. Ndani kikatoka kikavu, na katikati ya ukavu ule likatoka nyoya la manjano la kinda wa mnana aliyekua na kuruka zamani. Tetere hana nyoya la manjano. Mnana akatazama miguu yake. Kasuku akatazama mbingu kama anayehesabu ndege.

Kila mtu akajua nani ameshinda. Tetere akafungua mabawa aondoke. Korongo akamzuia. Hukumu haitolewi ikiwa moto, akasema. Hakimu hulizunguka bwawa mara moja akitafakari, ndipo akatamka. Na mlalamikaji akishuka kwenye jiwe kabla ya kutamkwa, shauri lake limekufa, haliletwi tena.

"Mama," Tetere akamwambia Bibi Kobe, "nimeacha yai nyumbani. Yai linataka kulaliwa."

Bibi Kobe akasimama, akamtazama kwa huruma kabisa. "Kulaliwa? Mwanangu, mimi mayai yangu niliyafukia mchangani nikaenda zangu. Yai halitaki mama. Yai linataka subira."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua. Maisha yake yote hakuwahi kukaa juu ya yai hata mara moja, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Akaanza kuzunguka bwawa. Kwata. Kwata. Kwata.

Alipofika nusu ya njia, tone likaanguka. Ta. Kisha ta, ta. Kisha tatatata, mvua ya masika ikashuka yote kwa pamoja, baridi, nzito. Bibi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, akatulia, akangoja ipite. Hakimu akawa jiwe kando ya bwawa, na Tetere akawa juu ya jiwe upande huu, na mvua katikati yao.

Tetere akainua bawa moja. Akaliona yai moyoni mwake, juu ya vijiti, maji yakipita. Akaona vilevile mvua ya kesho na ya keshokutwa, na masika yote yaliyobaki, na kinda ametoka uchi bila nyumba. Akiruka sasa, hana kiota. Asiporuka, je? Chozi yuko pale. Chozi anazunguka. Akalishusha bawa. Akalinyanyua tena. Kasuku, aliyejikinga chini ya jani pana, akamwambia taratibu kwamba ameshashinda, asiwe mjinga wa kushindwa kwa miguu yake mwenyewe. Lilikuwa neno la kweli, pengine la kwanza la Kasuku siku ile. Tetere akakunja mabawa, akasimama, mvua ikampiga mpaka akawa mdogo kama Chozi.

Mvua ilipopungua, kichwa cha Bibi Kobe kikatoka. Kwata. Kwata. Kwata. Akafika, akatamka. Mnana alidanganya. Mnana atasuka kiota kipya kwa nyasi mbichi, Korongo akishuhudia, na kesho asubuhi kitakuwa kimefungwa kwenye mgunga wa Tetere. Watu wakamsifu Tetere kwa kelele, kwamba hakusemewa na mtu na bado ameshinda. Tetere hakuwasikia. Alikuwa ameshapaa.

Akamkuta Chozi juu ya yai, amelowa, mabawa yamekunjuliwa, anazunguka.

"Nimezunguka, shoga," Chozi akasema. Kama angekuwa na meno, yangegongana. "Huku na kule. Nimezunguka tu."

Tetere akamshukuru. Akaliwekea yai sikio. Akasikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani. Akalilalia kwa kifua chote, akalikumbatia kwa manyoya yale ambayo hakumpa Kasuku. Kila baada ya kitambo akainamisha sikio. Kimya. Giza likaingia, akawa bado anainamisha sikio. Kimya.

Jumapili asubuhi Mnana akaja na kiota. Kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Kibichi nje, kibichi ndani, kimekazwa kila uzi. Akakifunga tawini, akakivuta mara mbili kuonyesha kwamba hakitoki. Kisha akaliona yai, na jinsi Tetere alivyokaa kando yake badala ya juu yake. Akaondoka.

Tetere akamwingiza Chozi ndani ya kiota apate kukauka. Yeye hakuingia. Akaruka mpaka bwawani, akapanda jiwe.

Korongo akadhani amepotea. Akamkumbusha kwamba shauri lake limekwisha na ushindi ni wake. Tetere akasema ana shauri jingine.

"Unamshitaki nani?"

"Bibi Kobe na baraza lake."

Korongo akauteremsha mguu wa pili, akasimama kwa yote miwili. Bibi Kobe, ambaye siku hiyo aliwahi kufika, akatoa kichwa nje chote. Kasuku hakuwepo kumsemea mtu.

"Nilileta shauri," akasema Tetere kwa sauti yake ile ya matanga. "Nilisema kweli. Nikaambiwa njoo kesho, nikaambiwa ngoja. Yai limepoa. Nataka mwenye yai asikilizwe kwanza."

Akasema mara ya kwanza. Akasema mara ya pili. Alipofika kwenye yai akalitaja polepole, ulimi usiteleze. Akasema mara ya tatu. Neno halikubadilika.

Na funzo lake, wenzangu, ni hili. Ukiuziwa kibovu, usingoje wa kukusemea. Panda jiwe, sema kweli yako, na neno lako lisibadilike. Na wewe unayekaa kuamua, jua kwamba haki ina joto lake. Ukiikawiza, unampa mwenzio yai lililopoa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye jiwe. Aliyeisikia, asiiache mvuani.