Kengele Kumi za Ansbert

Haya, nyie mliokaa hapa barazani, nisikilizeni. Naisema mara moja tu, maana nimechoka, na kabla sijarudi ndani mtanipa jibu.

Kuna watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kocha Mbaruku ana macho: akimtazama bondia akipiga hatua mbili tu, anakwambia atapigwa wapi. Felista, muuguzi wa zahanati, ana mikono: damu ikitoka, akiishika yeye, inakata. Masalu wa Mwanza ana ngumi, na ngumi zile, wallahi, ukipokea moja huulizi ya pili iko wapi.

Wa nne ni Ansbert Semboja, mume wa Felista. Huyo ndiye tunayemzika leo.

Mimi ni mshika saa na mgonga kengele wa klabu hii ya ngumi, tangu enzi zile Tanga nzima ilipokuwa ikijazana humu mpaka watu wananing'inia madirishani. Desturi yetu mnaijua. Bondia akifa, jeneza huwekwa ulingoni, na kengele hugongwa mara kumi, kama refa anavyomhesabia aliyeanguka. Anagonga mtu mmoja tu, yule ambaye bila yeye marehemu asingefika alikofika. Bondia humtaja mwenyewe angali hai, nami naandika. Wote niliwauliza, isipokuwa Ansbert. Nilimwona kama mtu asiyekufa, jamani! Kosa ni langu.

Aligombea mkanda wa Afrika Mashariki mara moja tu, na Masalu, humu humu, raundi kumi na mbili. Alishindwa kwa pointi moja. Lakini alimaliza amesimama, na mji ukambeba mabegani kama aliyeshinda.

Raundi ya tisa aliangushwa. Akainuka anayumba. Wasaidizi wakapiga kelele, "Kocha, tupa taulo, pambano liishe!" Mbaruku akamtazama usoni, akalikalia taulo. Raundi ilipokwisha akamwambia, "Masalu anashusha mkono wa kushoto kabla hajapiga. Pita hapo hapo." Ansbert akapita hapo, raundi mbili nzima.

Raundi ya kumi na moja alichanika juu ya jicho. Refa akasema damu isipokata, pambano limekwisha. Nikamwona Felista anashuka kutoka kwenye mabenchi, viatu mkononi.

"Shemeji, huku wanawake hawaruhusiwi," nikamwambia.

"Nipishe, shemeji, nisije nikakukanyaga."

Nikampisha. Alikuwa na dakika moja, na pamba, na vidole vyake. Nilipogonga kengele, jicho lilikuwa kavu.

Raundi ya mwisho miguu ya Ansbert ilikuwa imekwisha. Ngumi moja nzito ingemlaza, na Masalu alikuwa nayo. Hakuitoa. Alimpiga ndogondogo, nyingi, za kichwani, ili raundi iende na mwenzake asianguke. Dakika ya mwisho akamkumbatia kabisa, akamnong'oneza, "Simama, kaka, inakwisha." Nikagonga kengele, wote wawili wamesimama.

Sasa sikieni yaliyofuata. Haikupita miaka mingi, mikono ya Ansbert ikaanza kutetemeka. Ikafika akashindwa kufunga kifungo cha shati. Kisha majina yakamtoka, hata la Felista. Daktari akasema ni kichwa, kimepigwa kupita kiasi. Jambo moja tu lilimbakia. Ukimsalimia, anakwambia, "Nilimaliza nimesimama!" Halafu anacheka, anafurahi kweli kweli, na wewe unatafuta pa kuangalia.

Leo asubuhi nimeshika nyundo ya kengele, nikauliza nani anagonga. Kocha Mbaruku akaja na mkongojo wake. "Nipe mimi. Bila mimi angeishia raundi ya tisa."

"Angeishia ya tisa, kocha," akasema Felista, "angekuwa analijua jina langu."

Mbaruku akamgeukia. "Na ile damu, mwanangu, aliizuia nani?"

Felista akalia. "Aliniomba. Alinishika mkono akasema, usikubali wanitoe. Sasa ningefanyaje? Lakini nyundo nipeni mimi. Nimemlisha uji kwa kijiko miaka kumi na saba."

Masalu amesafiri siku mbili kwa basi kuja kuzika. Alikuwa amesimama nyuma kabisa. "Ningempiga moja tu," akasema, "akalala, akaamka kesho yake mzima. Nilimhurumia. Mnisamehe. Ila kila nilipokuja kumwona alinisahau jina, akanishika mkono, akanisimulia jioni ile kwa furaha, kana kwamba sikuwepo. Hakuna mtu aliyewahi kunishukuru vile. Naomba nimgongee."

Basi nimetoka nje kupumua. Padri anatazama saa, gari la kwenda makaburini linanguruma, na humo ndani watu watatu wamenyoosha mikono. Kila mmoja alimpa Ansbert ile jioni. Kila mmoja, kwa kumpa, alimnyang'anya miaka iliyofuata, na anajua. Mmoja wao angekosea tu, leo pengine Ansbert angekuwa hapa barazani anabishana na nyie, mzee mzima asiye na chochote cha kujivunia.

Nyundo ni moja na mkono wa kuishika ni mmoja. Mimi nimeshindwa. Wewe uliyekaa hapo, ungempa nani?